Ufa Kwenye Godoro la Leba

Wanaonijua husema nina hasira za karibu. Ni kweli, na najua nilikozipata. Nilizipata kazini, kwenye kituo cha afya kilichokuwa njiani kati ya Mpanda mjini na Sitalike, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na barua yoyote ya kuomba kitu ilibidi iende mpaka Sumbawanga ndipo irudi, kama ilirudi.

Nilikuwa nesi wa leba. Leba yetu ilikuwa chumba chenye dirisha moja na kitanda kimoja. Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, kizima kabisa, kazi ya mafundi waliojua wanachofanya. Godoro ndilo lilikuwa na maneno. Lilikuwa la sponji, limevikwa reksini, ngozi ya plastiki, ya kijani, na ile reksini ilikuwa imepasuka upande wa miguuni, pale pale mama anapokaa kusukuma. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa kiganja. Tuliuziba kwa plasta, plasta ikabanduka. Tukaushona kwa uzi wa kushonea vidonda, ukachanika pembeni ukawa mrefu zaidi. Mganga mfawidhi, mzee mpole ambaye alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, aliandika barua ya kuomba godoro jipya mara tatu. Nakala zote tatu niliziweka kwenye faili kwa mkono wangu.

Dawa ya klorini ilitufikia kwa msimu, kama mvua. Ikiisha tulifuta kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Vyombo tulichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na beseni lake, glovu zake, wembe, uzi na karatasi ya nailoni ya kutandika. Asiyekuwa na nailoni tulimtandikia khanga yake mwenyewe, na khanga hainyimi kitu njia. Damu ilipita, maji yalipita, vyote vikaishia kwenye sponji.

Basi akaja mtafiti. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, kijana bado, amesoma nje na alikuwa bado anasomea shahada kubwa hukohuko. Alishuka kwenye gari akiwa amelikumbatia sanduku la bati kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani yake kulikuwa na mashine isiyozidi ukubwa wa redio, waya mbili za kuunganisha na betri ya gari, na kibao bapa chenye mpini mfano wa pasi. Alituita sote, mfawidhi, mimi na mhudumu wa usafi, akatueleza kwamba kitu kile kinaitwa plazima baridi. Alisema hewa ya kawaida ikipigwa umeme kwa namna fulani inawaka bila kuwa na moto, na ule mwako unaua vijidudu juu ya chuma, meza, au chochote bila kukichoma na bila dawa. Akasema inakula umeme mdogo kuliko balbu moja ya sebuleni, kwa hiyo inafaa sehemu kama zetu ambazo hazina umeme.

Akaniomba niweke mkono. Niliogopa, nikauweka. Chini ya kile kibao kulitoka mwanga mwembamba wa zambarau, ukanitambaa kwenye ngozi kama vumbi la joto, basi. Chumba kizima kikanuka ile harufu inayobaki radi ikishapiga karibu. Moyoni nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa kitu chochote tangu nianze kazi. Nilikuwa nimechoka kufuta damu kwa sabuni ya kufulia.

Alinichagua mimi kumsaidia kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Alinifundisha vizuri, hilo silikatai. Tulichagua mahali patano tukapawekea alama kwa kalamu isiyofutika: mkono wa kitanda, meza ya vyombo, mizani ya watoto, godoro upande wa miguuni, godoro upande wa kichwani. Kila asubuhi nilipitisha kijiti chenye pamba juu ya kila alama, nikakipaka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kitu kama uji ulioganda. Halafu nilipitisha ile mashine kwa dakika alizonipangia, nikachukua kijiti kingine, nikapaka kisahani cha pili. Visahani vilikaa kwenye kabati dogo la joto alilokuja nalo, nalo likitumia betri, mpaka kesho yake. Vijidudu vilivyokuwa hai viliota kama vidoa, na mimi nilivihesabu na kuandika kwenye daftari.

Mashine haikuwa ya uongo. Kwenye chuma cha kitanda, kisahani cha kwanza kiliota kama ukurutu, na cha pili kikatoka kitupu au na kidoa kimoja. Meza vilevile, mizani vilevile. Nilikuwa nikivishika vile visahani viwili, kimoja mkono huu na kingine mkono huu, nikimwonyesha mhudumu wa usafi, tunacheka kwa furaha.

Lakini alama ya nne ilikuwa juu ya ufa. Pale kisahani cha kwanza kiliota, na cha pili kikaota vilevile. Nilirudia wiki nzima. Nikaongeza dakika. Nikabadilisha betri. Ilikuwa hivyohivyo. Nikamfuata mtafiti alipokuwa akiandika barazani, nikamwambia kwamba alama ya nne vijidudu havifi.

"Pale si juu ya kitu, ni shimo," akasema. "Mwanga hauingii ndani ya sponji. Mashine hii inatibu uso wa kitu."

"Lakini mama anakaa palepale, daktari."

"Anakaa, ndiyo. Ila sisi tunapima mashine, hatupimi godoro." Akaja nami mpaka leba, akaweka kidole chake karibu na katikati ya godoro, mahali reksini ilipokuwa bado laini. "Isogeze alama ya nne hapa."

Nilimuuliza zile hesabu za wiki nzima niziweke wapi. Akasema nizipige mstari, niandike kwamba mahali hapakufaa kwa jaribio. Alisema kwa sauti ya upole kabisa, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto mwerevu. Na mimi nilisogeza alama. Nilichukua rula, nikapiga mstari juu ya tarakimu nilizoziandika mwenyewe. Watu wakiniuliza hasira yangu ni ya nani, huwa naanza na ule mstari.

Miezi michache baadaye wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekaribia kujifungua. Alikuwa ameolewa Sitalike, mumewe akifanya kazi hifadhini, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wangu alitaka ajifungulie nyumbani, kwa mama mmoja wa kijijini aliyewazalisha nusu ya wanawake wa pale, na ambaye hakuwahi kumpoteza mzazi kwa kadiri watu walivyokumbuka. Mimi ndiye niliyepinga. Nilikwenda Sitalike kwa baiskeli, nikakaa nao jikoni, nikawaambia siku hizi kituoni tuna mashine ya umeme inayoua vijidudu vyote, na mimi mwenyewe ndiye ninayeiendesha. Mama mkwe akasema kama ni hivyo basi, wewe ndiye uliyesoma.

Wifi alijifungua mchana, mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani. Alikuja na nailoni nzuri, mpya. Alipoanza kusukuma nailoni ikateleza ikaanguka sakafuni, nami mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kichwa cha mtoto. Alizaa mtoto wa kike mwenye afya, akalia mara moja. Asubuhi ile nilikuwa nimepitisha mwanga wa zambarau juu ya alama zote tano. Zote kwenye daftari zilikuwa safi.

Siku ya tatu alishikwa na homa. Siku ya tano tumbo lilikuwa gumu, na chumba kikawa na ile harufu ambayo nesi yeyote wa leba akiisikia mara moja haisahau. Mfawidhi alimtundikia dripu, akampa sindano zote tulizokuwa nazo, halafu akasema wazi kwamba hapa tutampoteza. Tulimpakia kwenye lori lililokuwa likipeleka mpunga mjini, juu ya magunia, mimi nimemshika yeye na mama mkwe amemshika mtoto. Mjini walimfanyia upasuaji siku hiyohiyo. Walimwokoa, lakini kizazi walikitoa.

Siwezi kuapa kwamba ni ule ufa. Huenda ni mikono yangu, huenda ni maji, huenda ni mkasi ambao haukuchemka vya kutosha. Homa ya uzazi haiachi jina. Ila najua alikalia nini, na najua nilikuwa nimeacha kukihesabu.

Alipopata nguvu ya kuongea nilikwenda kumwona wodini. Nilimletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini.

"Wifi, ulinambia kuna mashine," akasema.

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepumua. Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kujitetea, basi nikaosha kikombe chake, nikaondoka saa za kuona wagonjwa zilipoisha.

Nilirudi kituoni kesho yake asubuhi. Sikuvaa sare. Nilichukua kisu cha jikoni, nikaingia leba, nikalishusha godoro sakafuni na kulipasua toka miguuni mpaka kichwani. Ndani sponji ilikuwa nyeusi. Kuna sehemu ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali, na kuna sehemu ilikuwa bado na unyevunyevu. Mhudumu wa usafi aliingia akashika mdomo, akatoka. Nililiburuta lile godoro kupita barazani, mbele ya akina mama waliokuja kliniki na watoto wao mgongoni, hadi kwenye shimo la taka, nikalimwagia mafuta ya taa na kuliwasha. Lilitoa moshi mzito, na lilichukua muda mrefu kuungua kwa sababu ya ule unyevu.

Mfawidhi alikuja akasimama pembeni yangu. Aliniambia nimeharibu mali ya serikali.

"Mali ya serikali ilikuwa inanuka, mzee," nikamjibu. Ndiyo mara ya kwanza nilipomjibu hivyo mtu mwenye umri wa baba yangu.

Mchana aliniita ofisini akanisomea barua ya onyo, neno kwa neno, amesimama. Alipomaliza akaikunja, akanipa, akaniuliza kama nimeungua mkono. Nilikuwa nimeungua kweli, na nilikuwa sijagundua. Alinifunga bendeji yeye mwenyewe.

Mtafiti hakuwa mpole hivyo. Alisema nimevuruga utafiti wa miezi minne kwa hasira za kifamilia. Hayo maneno, hasira za kifamilia, aliyasema kama anataja ugonjwa. Nikamwambia kwamba kama angeiacha alama ya nne mahali pake, yule mwanamke asingeambiwa kitanda ni safi, na mimi nisingemwambia. Akasema yeye hakumwambia mtu yeyote chochote. Hapo alisema kweli, na ukweli ule uliniuma kuliko barua ya onyo. Siku iliyofuata alipanda gari akaenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, akaniachia mashine na visahani, akisema akirudi ataona kama kuna kinachookoleka.

Kwa siku kadhaa akina mama walijifungulia juu ya chuma kitupu, nailoni mbili chini yao. Walilalamika baridi, na walikuwa na haki. Kisha mhudumu wa usafi akaniambia kuhusu fundi mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, Mrundi mtu mzima, aliyekuwa akishona maturubai ya kufunikia tumbaku na viti vya baiskeli. Nilimfuata mpaka huko. Nilipomweleza shida alitaka kujua mambo mengi ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria: mama anakaa upande gani, maji yanamwagikia wapi, tunafuta kutoka wapi kwenda wapi. Sijawahi kuulizwa maswali ya maana kama yale na mtu aliyekuja na gari.

"Tatizo la godoro ni mshono," akanambia. "Mshono ukikaa juu, unakunywa. Tuuweke chini."

Alikata turubai zito kipande kimoja, akalizungusha, mshono wote ukawa chini upande wa ukutani. Juu ya mshono akapaka gundi ya kubandikia viraka vya mipira ya baiskeli, mara mbili, ikikauka kwanza. Ya kujazia ndani, akina mama wa kijiji walituletea sufi, kila mmoja alichonacho. Alikuja mwenyewe kulilaza juu ya kitanda, akamwaga maji kopo zima pale miguuni, tukasimama tukiangalia. Maji yalitelemka yakaangukia ndoo. Hakuna tone lililoingia.

Mtafiti alikuwa bado Dar. Nikarudisha alama ya nne mahali pake pa zamani, nikaiandika upya kwa kalamu ileile. Kila asubuhi nilifuta lile turubai kwa sabuni na maji yaliyochemka, nikachukua kijiti, nikapaka kisahani. Mashine niliifunika kitambaa, sikuigusa. Kila siku nilifungua kabati la joto nikitegemea kuaibika, na kila siku kisahani kilitoka kitupu, au na kidoa kimoja, mara moja viwili. Nikaandika kwenye daftari, ukurasa peke yake: tarehe, alama ya nne, godoro jipya, sabuni na maji, mashine imezimwa.

Aliporudi aliusoma ule ukurasa akiwa amesimama. Aliusoma mara mbili, nilimwona. Akasema ni kazi nzuri, lakini haikuombwa.

"Naomba uandike kwamba godoro lilibadilishwa," nikamwambia. "Hata mstari mmoja."

Alijibu kwamba hilo haliko kwenye swali la utafiti, na kwamba akianza kuandika kila kilichobadilika kituoni hatamaliza. Alifanya vipimo vya mwezi mmoja zaidi na mashine yake juu ya turubai la fundi wa Katumba, akapata majibu mazuri sana. Kisha akalifunga sanduku la bati, akachukua na daftari, akapanda treni ya Tabora. Sikwenda kumuaga.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mamba, kijiji kilicho karibu na kwetu. Wengine walisema ni adhabu, mimi nilishukuru. Wifi alikuwa amerudi kwa mama yake kufikia wakati huo. Mumewe alikuwa mtu mwema miezi ya mwanzo, halafu ndugu zake wakaanza kumuuliza atazaa na nani tena, na akaoa mwanamke mwingine. Wifi alikuja Mamba wakati wa kuvuna mpunga, tukavuna wote siku tatu. Siku ya pili, tukiwa tumeinama, alisema hanichukii, ila nisije nikamwambia mtu tena jambo ambalo sina uhakika nalo. Nikasema sawa. Tukaendelea kukata. Tunaelewana sasa, lakini hatujawahi kucheka pamoja kama zamani.

Ripoti ilinifikia huko Mamba. Mfawidhi aliipokea kituoni, akaona jina la kituo chetu, akampa dereva wa lori aniletee. Ilikuwa ya Kiingereza, na jalada zuri. Niliisoma jioni kadhaa na kamusi pembeni. Ilisema alama tano zilipimwa, na zote tano zilisafishika, ikiwemo godoro la kuzalia. Kulikuwa na picha ya kitanda chetu. Turubai lilionekana vizuri, hata mkunjo wake wa pembeni aliouweka fundi kwa kidole gumba. Nilitafuta neno godoro jipya, nikatafuta neno turubai, nikatafuta sabuni. Nikatafuta mwanamke aliyetolewa kizazi baada ya mimba yake ya kwanza, ingawa nilijua simkuti. Mwishoni kulikuwa na shukrani kwa wahudumu wa kituo kwa ushirikiano wao.

Sikuichana, ingawa mikono ilitaka. Nilichukua kalamu ya wino, nikafungua ukurasa wenye ile picha, na pembeni yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wangu uliomfanya anichague: godoro la mwanzo lilikuwa na ufa na mashine haikuweza kuusafisha, nilichoma godoro hilo, hili limeshonwa na fundi wa Katumba. Nikaweka sahihi na cheo changu. Kisha nikairudisha kwa dereva yuleyule na kumwambia ampe mfawidhi mkononi, aiweke kwenye faili lenye zile barua zetu tatu.